Kitanzi cha Kinyozi

Karakana ya kamba,
Nyuma ya ghala la mbao.
Tarehe 9 Juni

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Kikohozi kimekuacha? Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo, na mbavu zangu zinaanza kushika.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Unasema ukipata likizo unakuja na panga nyumbani kwa marehemu kinyozi, umalize kila aliyemo, "mpaka paka." Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia nisimalize.

Vile vitanzi vya kutundikia machela tunavyowauzia watu wanaolala porini, unajua vinavyorefushwa na kufupishwa. Kamba ina uwazi ndani, mkia unarudishwa ndani ya kamba yenyewe kwa sindano ya magunia, uzito ukikaa inabana. Mkia unaofichwa usipungue shibiri, la sivyo unachomoka. Baba alikuwa anakalia kila kitanzi mwenyewe, anayumba, anaimba ovyo, kisha: "Kikibeba tumbo hili, kitabeba hata kiboko!"

Kinyozi alileta chake kilichochanika. Nilikikata nikakirudia harakaharaka. Siku hiyo goti la Baba lilikuwa limevimba. Akauliza kutoka kitini, "Umekikalia, mama?"

"Nimekikalia, Baba."

Sikukikalia. Ndani nilificha mkia wa vidole vinne tu.

Kitanzi kilichomoka akiwa kwenye machela; kinyozi aliangukia mawe, shingo ikavunjika. Siku ya tatu ndugu zake watatu waliingia kwa teke. Mkubwa wao alimtupia Baba kitanzi usoni. "Nani alifunga uchafu huu?"

Baba alikigeuza mkononi. Kaka, mimi nakaza kwa mkono wa kushoto, naye aliijua kazi yangu kama alivyoujua mwandiko wangu. Akasema, "Mimi, wanangu. Mkono ni wangu."

Walimpiga kwa nyundo ya mbao, ile ya kulainishia kamba. Nilisikia taya likivunjika. Nilimlalia juu, wakanitoa kwa mateke, wakarudi kichwani. Alipokata roho kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Nilimvalisha, nikamfunga gidamu, maana hakupenda kuonekana ovyo mbele ya wateja.

Jana nilikwenda kwa mama yake kinyozi nikamweleza yote. Alinizaba kofi, akanizaba jingine, kisha akakaa sakafuni. "Mmoja kaburini, watatu rumande," akasema. "Sasa hata wa kunitekea maji sina." Nikachukua ndoo. Hakunizuia, wala hakunishukuru.

Siwatetei wale watatu. Waliua, na hukumu waisubiri huko huko. Lakini kwenye nyumba unayotaka kuimaliza amebaki bibi huyo peke yake, na kosa lililoanzisha yote lilitoka kwenye mikono hii.

Mama hajui bado. Nitamwambia Jumapili.

Msalimie wifi yangu, na Kipara mdogo umbusu kwa ajili ya shangazi yake. Mungu akulinde njiani na akulinde na hasira yako. Ukija na panga, Kaka, anza na mimi. Ukija mikono mitupu, Mama anakuhitaji.

Mdogo wako akupendaye, hata ukishindwa kunipenda.