Moto Uko Nyuma

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mama Mkwe amenigomea tena! Mama Mkwe ni gari. Mama mkwe wa kweli alifariki kabla sijaolewa, Mungu amlaze pema, na nasikia alikuwa mpole. Hili la chuma si pole hata kidogo. Linawaka likipenda.

Jana jioni nililiegesha mbele ya duka likiwa zima kabisa. Asubuhi nageuza ufunguo — tk! Basi. Taa za dashibodi zikafifia, zikalala. Machuki, fundi wetu hapa Migori, amechungulia boneti akasema ni oltaneta, kile kidude cha kuchaji betri. Kwa Machuki kila kitu ni oltaneta. Mwezi uliopita alisema ni betri, tukanunua mpya, nayo inakufa vilevile.

Mimi ni fundi cherehani, lakini umeme wa gari siuogopi. Waya ni uzi tu. Unashika ncha hii, unaufuata mpaka ncha ile. Nitalitengeneza mwenyewe.

Na lazima lipone wiki hii. Jumatatu ijayo baba yake mume wangu Bonface, mzee Japheth, anapasuliwa jicho Homa Bay. Mtoto wa jicho. La kushoto lilishakufa zamani, limebaki hilo la kulia nalo limejaa ukungu. Kule kwao Magunga amekataa basi, amekataa teksi, amekataa hata gari la kanisa. Ataenda kwa gari lake, hili hili Mama Mkwe tunalolitumia, alilolinunua kwa pamba yake mwenyewe, au hataenda. Wanasema akikosa nafasi hii, daktari harudi mpaka mwakani. Mwakani jicho litakuwa limebaki nini?

Bonface yuko kazini Lodwar. Amepiga simu eti nimbembeleze baba. Nimbembeleze vipi? Ni mkwe wangu, na mimi ni Mkuria, kwetu baba mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Hata kumtazama usoni naona haya.

Jumanne, 10 Juni

Wanaume wa kituo cha boda wamenisukumia, limewaka. Nimeweka mita kwenye betri injini ikinguruma. Volti kumi na nne! Oltaneta inachaji vizuri sana. Nimemwonyesha Machuki. Amesema mita yangu ni ya Kichina. Mita zote ni za Kichina, Machuki.

Kwa hiyo ni hivi: kuna kitu kinakunywa betri gari likiwa limelala. Nimelizima, nikachomoa waya mmoja wa betri, nikaweka kibalbu katikati ya waya na betri. Kimewaka! Hafifu, lakini kimewaka. Ufunguo uko mfukoni mwangu na umeme unatembea. Mwizi yumo ndani, ni kumtafuta tu.

Jioni wifi yangu Liz amepiga kutoka Magunga. Yeye ndiye anayemtunza mzee, na ndiye mdomo wetu, maana mzee hanipigii mwenyewe. Anamwambia Liz, Liz ananiambia. Mzee husema Kiluo, na Kiluo changu ni cha kununulia dagaa wa omena tu, kwa hiyo Liz ananigeuzia ujumbe kwa Kiswahili. Leo mzee amesema, "Ambia nyar Kuria hiyo gari iko na moto nyuma. Niliona mimi mwenyewe." Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ndiye mimi.

Lini? Ile alfajiri nilipompeleka kliniki mara ya kwanza. Alikaa kiti cha nyuma peke yake, kwa sababu hawezi kukaa bega kwa bega na mke wa mwanawe. Liz alicheka kwenye simu. Eti mzee haoni hata mlango, ataona moto?

Mimi sikucheka. Moto ni moto. Kuna waya umeungua huko nyuma.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeng'oa kiti chote cha nyuma. Wateja wamekuta fundi wao wa sare za kwaya amepiga magoti ndani ya gari ananusa waya. Nimezinusa zote! Nimezipapasa kama ninavyotafuta sindano iliyopotea kwenye kitambaa. Hakuna ulioungua, hakuna uliochubuka, hakuna wenye joto. Nimepata biskuti ya zamani na Biblia ndogo ya Kiluo. Nimeifuta vumbi, nitampelekea.

Pole mzee. Macho yako yamekudanganya.

Nimerudi kwa njia yangu. Kibalbu katikati ya waya na betri, halafu nachomoa fyuzi moja, naangalia, narudisha, nachomoa nyingine. Nimechomoa ile moja ya redio na taa za ndani pamoja — kibalbu kimezima! Nimepiga vigelegele peke yangu. Taa za ndani nimezikagua: ya dari imezima, sawa. Ya buti inawaka, lakini buti lenyewe nimeliacha wazi kwa sababu ya vifaa, ndivyo inavyopaswa kuwaka. Sasa imebaki nani? Redio! Nimeing'oa, nikarudisha fyuzi, nikafunga kila kitu. Sikupima tena. Ya nini kupima na jibu ninalo? Nimemwambia Liz gari limepona, nikajinunulia soda baridi.

Ijumaa, 13 Juni

Tk.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu. Siku mbili zimebaki. Nilitaka leo Liz amuulize mzee vizuri, moto gani, ulikuwaje, ulikuwa na moshi? Lakini ni Sabato. Simu yao imezimwa mpaka jua lizame. Nimekaa dukani nashona kwa mguu kwa sababu stima nayo ilikuwa imepotea tangu asubuhi.

Mara ikarudi. Terry wa saluni ya jirani akapiga kelele kwa Kiluo kama kawaida yake, "Mach oduogo!" Watu wote wa laini yetu wakaitikia. Nimesikia kelele hiyo miaka yote niliyokaa Migori. Stima imerudi! Taa zimerudi!

Mguu wangu ukasimama juu ya pedali.

Nimemwendea Terry. Mach ni nini hasa? Akanishangaa. Mach ni stima. Na taa? Mach. Na moto wa kupikia? Ni mach tu, mama, si yote ni mach?

Yote ni mach! Mzee hakuona moto. Aliona taa! Alikaa nyuma gizani, na jicho lake lenye ukungu likaona mwanga kwenye mwanya kati ya kiti na buti. Mimi na Liz, wenye macho manne mazima, tukamcheka. Haya, Liz alicheka, mimi nilinusa waya.

Nimekwenda kwenye gari mbio. Buti lilikuwa limefungwa tangu juzi. Nimelifungua, nikaweka kidole kwenye balbu yake papo hapo. Imeniunguza! Inawaka usiku kucha ndani ya buti lililofungwa, na kila nikifungua naiona inawaka, naona ni sawa. Kwa hiyo mzee alisema kweli kwa lugha zote mbili: kwa Kiluo ni taa, kwa Kiswahili inaunguza.

Kosa lenyewe ni dogo mpaka inaudhi. Kuna swichi ya kitufe ambayo mfuniko wa buti unapaswa kuibonyeza ukifunga. Kile kipande cha mpira cha kubonyezea kimeanguka, nani ajuaye lini. Ningeweza kuitoa balbu tu nikamaliza, lakini si ustaarabu. Nimechukua kifungo kikubwa cha koti, nikakibandika kwa gundi mahali pa ule mpira. Kinatosha kabisa. Wanaume wa boda wamelisukuma tena, nikaliacha lingurume mpaka betri ikajaa. Halafu nimeweka simu ndani ya buti inarekodi, nikafunga. Nimeangalia video: taa, halafu giza. Giza zuri kuliko yote niliyowahi kuona!

Jumapili, 15 Juni

Limewaka asubuhi kwa mara moja. Nimefika Magunga salama, barabara ni mawe matupu. Mzee amepokea Biblia yake akainusa. Nimemwambia Liz amwambie kwamba moto wa nyuma nimeuzima. Mzee alikuwa amekaa pale pale, amesikia yote. Akamjibu Liz, "Mwambie nilijua."

Kesho ndiyo kesho. Nimelala na ufunguo chini ya mto.

Jumatatu, 16 Juni

Alfajiri, giza bado. Limewaka! Kabla sijamaliza kugeuza ufunguo! Mzee na Liz nyuma, mimi mbele peke yangu kama dereva wa waziri. Karibu na mbuga ya Ruma mzee akasema nyuma leo kuna giza. Amesema kwa furaha.

Homa Bay tumefika kabla hata hawajaanza kuita majina. Ameingia, ametoka na bandeji. Wataifungua kesho. Kiburi changu leo hakina dawa.

Jumanne, 17 Juni

Bandeji imetoka. Muuguzi amesema tusitarajie mengi siku ya kwanza. Liz amemshika mkono mpaka kwenye gari, na mimi nimetembea nyuma yao nikiogopa kuuliza.

Tumepanda. Nimewasha, limewaka. Nikamwangalia kwenye kioo, maana kwenye kioo si kama kumtazama usoni. Naye alikuwa ananiangalia mle mle! Kwa muda mrefu. Halafu akaangusha macho, nami nikaangusha yangu.

"Nyar Kuria," amesema. Mimi! Si Liz. "Kuna moto mbele."

Wapi, baba?

"Hapo kwa usukani. Kadogo. Nyekundu."

Nimeangalia. Taa ya betri. Injini inanguruma na taa ya betri inawaka, haizimiki hata nikikanyaga mafuta. Oltaneta haichaji! Machuki asisikie neno hili maisha yake yote.

Liz analia na kucheka, anamuuliza baba ameiona kweli, kadogo vile? Mzee amekasirika, anauliza kwani sisi hatuoni?

Naandika haya kwenye kiti cha dereva, injini ikiwaka, maana nikiizima sijui kama itawaka tena. Nitaipata tu, ni waya au ule mkanda unaozungusha oltaneta. Mzee ameinama katikati ya viti aione vizuri ile taa, mpaka bega lake limegusa langu, na hajalitoa. Anasema nianze na mkanda.