Mawe kwenye nepi ya mtoto

Ko. Kitu kimeanguka sakafuni kliniki, kina mama wote wakageuka. Jiwe, ndugu yangu. Limetoka kwenye nepi ya mtoto wa kaka yangu, akiwa juu ya mizani.

Muuguzi akapapasa, akatoa mengine mawili.

Unajua kaka alisema nini? "Anapenda kuchezea mawe, sista." Mtoto wa mwaka mzima, hata kukaa hawezi. Achezee mawe.

Na huyo ndiye mkulima bora wa kata. Maziwa yote anauza, mwanawe anashindia uji mwepesi, halafu anaona aibu mtoto aandikwe ana utapiamlo, ndiyo akamwongezea uzito kwa mawe. Nimemwonea kinyaa.

Mkewe analia tu. Nikamwambia mbele ya wote: "Shemeji, kuanzia kesho ng'ombe nakamua mimi. Mtoto atakunywa kwanza, ndipo mengine yatoke nje ya geti."