Vipimo vya Mitaro ya Mama

Jumamosi, 9 Januari 1999

Nilimkasirikia yule mtafiti bure. Alikuja leo kupima udongo ulioshikwa na mitaro ya shamba letu, kama wenzake wafanyavyo kila mwaka mvua zikiisha. Baba alimzuia mlangoni.

"Madam, mnapima, mnaenda. Vipimo vyetu viko wapi?"

"Mzee, hata mimi sijaviona. Aliyenitangulia alienda navyo ng'ambo kwenye kompyuta yake. Nimemwandikia, hajibu."

Baba akacheka. "Kumbe tumenyimwa sote! Haya, pima. Lakini vya leo utatuachia nakala."

Ametuachia. Nashukuru, lakini mimi navitaka vya miaka ile mama alipoichimba mitaro hiyo na akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi. Mikono ilimchubuka, naye akisema udongo wetu hautaenda mtoni tena. Alifariki bila kujua kama ulibaki.

Nilimsindikiza mgeni hadi barabarani. Nikamwomba, akimwandikia tena yule mtu, amwambie kuna msichana huku Machakos anayengoja.

"Jina lako nani?" akauliza.

Nikamwambia langu, kisha la mama.