Eliaichi, Fundi Baiskeli wa Same, na Jumamosi za Kutazama Ndege

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi 1993 ulipotuacha, na hadi leo Mama hajazoea kupika uji wa watu wachache.

Benchi lako la baiskeli pale sokoni amelishika Eliakimu, mwanao. Anajitahidi. Ila hana maneno yako, na watoto wa shule bado wanamsimulia jinsi ulivyokuwa ukiwazibia pancha bure na kuwafukuza: "Kimbia, kengele imeshalia!"

Wateja walijua kwamba Jumamosi kabla ya saa tatu hupatikani. Mvua za kwanza za masika zikishalowesha vumbi la Same, wewe na rafiki zako Vitus na Mwanaasha mlizunguka bustani ya stesheni na ile ya misheni, darubini moja watu watatu, mkibishana kama mnana yule ni wa jana au mgeni. Vitus, aliyetoka Songea kuja kukata mkonge Makanya, alidai ndege wa kwao ni wakubwa zaidi. Hukumkubalia hata siku moja.

Miaka ile ya foleni, bidhaa zilipoadimika, ulimchosha Mama kweli kweli. Ulitumwa sabuni duka la ushirika, ukapanga jiwe lako kwenye mstari likushikie nafasi kama wenzako, kisha ukapotelea kwenye miti. Foleni ikasogea, jiwe likapigwa teke kando, nawe ukarudi mikono mitupu, unacheka. Mama alinuna wiki nzima, na nguo tulifulia majani ya mpapai.

Hata hivyo hukuacha kumwita. "Mama Eliakimu, twende leo, mara moja tu." Naye alijibu, "Foleni atapanga nani? Wiki ijayo." Baadaye maduka yalijaa sabuni za kila rangi, foleni zikaisha, lakini yeye alikuwa ameshazoea kusema wiki ijayo. Hilo ndilo linalomuuma, Baba. Sabuni alishaisahau zamani.

Jumamosi iliyopita alimfuata Vitus mwenyewe. "Shemeji, nipeleke mlikokuwa mkienda." Alivaa viatu vya kanisani, akakanyaga matope yote ya bustani ya misheni. Karibu na bomba la maji, kwenye nyasi mbichi, hudihudi akatua na kusimamisha kishungi chake. Mama alimwona kabla ya Vitus, kabla ya Mwanaasha. Akageuka upesi, mkono ameshaunyoosha.

"Baba Eliakimu, tazama!"

Vitus alivua kofia. Mwanaasha akamshika Mama mkono, wakasimama hapo mpaka ndege akaondoka.

Unakumbukwa na mkeo Dorkas, wanao Eliakimu na Honorata, wajukuu zako, dada yako Hedwiga wa Maore, na rafiki zako Vitus na Mwanaasha. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Na Mama ametaka tuandike hili pia: siku zote alitamani kwenda nawe.