Shemeji Anaitaka Kazi ya Stoo

Mshauri wetu mpendwa, sijui nikuamkie au uniamkie, mie nina miaka hamsini na mbili na kitambi cha mtu wa sitini, ila leo naomba unisikilize kama mdogo wako, kwa hiyo shikamoo. Nilipopunguzwa kazi ya ukarani nilifungua ofisi ya kuwatafutia watu kazi hapa Tabata, meza moja na viti viwili, kimoja kibovu, hicho nakalia mwenyewe, na kwa kweli inakwenda, maana siku hizi barua za maombi zinaandikwa na simu, zote tamu, zote zinafanana, waajiri wamechoka kuzisoma wanataka mtu wa kuwaambia huyu namjua, na mtu huyo ndiye mie.

Sasa Bi Editha, mwenye ghala la vinywaji kule Bunju, mteja wangu mkubwa, alitaka mtunza stoo, nikampelekea Wilfred baada ya kumpigia bosi wake wa zamani akanijibu, "Wilfred hana neno, ni mtu wa watu," nami nikaandika hivyo hivyo, kumbe alifukuzwa kwa kulala kazini! Nilipomuuliza yule bosi mbona hukusema, akanishangaa: "Sasa mie nimzibie mwenzangu riziki?" Bi Editha akanipigia: "Mzee Albano, huyo mtu wako wa watu anakoroma juu ya makreti. Ukiniletea mwingine wa hivi, tusijuane."

Amenipa nafasi ya mwisho, anataka mtu kufikia Ijumaa, na shemeji yangu Deogratias, kaka wa mke wangu, amesikia na kazi anaitaka. Deo ni mcheshi, ana moyo mzuri, lakini hajawahi kuwahi popote, siku ya harusi yetu alikaa na funguo za ukumbi tukapiga picha zote nje. Mke wangu Demetria anasema, "Watu baki unawapa, damu yangu unaizibia?" Tangu Jumapili ananitengea chakula bila kunikaribisha. Nimpeleke, nimpoteze mteja, au nikatae, nile kama mpangaji?

Albano, Tabata

Marahaba, Albano, ingawa kitambi hicho kinanitia wasiwasi nani mkubwa. Pole kwa chakula kisicho na karibu. Pole yangu inaishia hapo.

Wewe ni mtu mzima wa mji huu. Ni lini ulimsikia mtu wetu akimsema mwenzake vibaya kwa mwajiri? "Mtu wa watu" ulijua maana yake, ukaiandika kwa sababu ilikurahisishia kazi. Bwana, maneno matamu hata simu inayatoa. Wewe unauza neno lako. Ukimpeleka Deo kwa neno usiloliamini, ofisi umeifunga, naye atafukuzwa mbele za watu arudi na jina baya. Huko ndiko kuziba riziki.

Kuanzia sasa, ukimpigia bosi wa zamani usimuulize tabia. Muulize, "Leo ukiwa na nafasi, ungemrudisha?" Anayeogopa kuziba riziki atasita, atakohoa, atauliza hali ya watoto. Hapo weka kalamu chini. Akisema "hata kesho aje," mwandike.

Deo mwite mwenyewe, usimtume dada yake. Mwambie hapana, na kwa nini. Kisha mtafutie kazi ya kuuza bidhaa, analipwa kwa alichouza, hakuna anayemsubiri afungue mlango. Mcheshi hafi njaa, ila apewe kazi ya ucheshi. Demetria naye asisikie kwa mwingine, mwambie leo, "Kaka yako nampenda, simpeleki pale kuaibika." Atanuna. Mvumilie, na vyombo uoshe.

Halafu mpigie Bi Editha: "Ninaye shemeji anayeitaka hiyo kazi, na simleti, kwa sababu namjua." Usiongeze neno. Akishasikia kwamba wa kwako umemkatalia, huyo utakayemleta Ijumaa atampokea getini yeye mwenyewe.