Kovu la Kinenani

Bangkok, 3 Machi 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la huku litanimaliza.

Nimemwona daktari, yule aliyempasua rafiki yangu Wilai. Alipofika kwenye kovu langu la kinenani akalibonyeza kwa vidole. Anasema sehemu ya kike huitengeneza kwa ngozi ya hapo hapo, na ngozi ya kovu haivutiki, damu haipiti vizuri. Ikishonwa yaweza kuoza. Anataka kujua niliunguzwa na nini, kama nilibandikwa ngozi ya pajani, kama kidonda kilitunga usaha. Nikamwambia ulivyonieleza: nilikuwa na miaka mitano, nimevaa saruni yako, nikajikwaa nikaangukia chungu cha maji ya kupikia wali wa kunata kwa mvuke. Akasema, "Mtoto akianguka huungua mikono na uso. Muulize aliyekuwepo."

Mama, aliyekuwepo ni wewe.

Mwanao,
Rampha

Yasothon, 21 Machi 1997

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo ndio ule ule. Nguruwe kazaa tisa.

Huyo ni daktari au polisi? Mambo ya kale hayo, nani anakumbuka? Ulijikwaa, ulikuwa huambiliki. Kwani lazima ukatwe? Nakutumia samaki wa kuvundika. Kula, unenepe.

Mama yako

Bangkok, 2 Aprili 1997

Mama,

Shikamoo. Samaki wamefika, majirani nusura wahame kwa harufu.

Daktari hakati mpaka ajue. Sikuulizi ili nikulaumu, naogopa kufia mezani. Tangu utotoni najua ile saruni ndiyo iliyoniunguza. Nilijiambia ndiyo adhabu yangu ya kuvaa nguo ya kike. Tafadhali, Mama, kumbuka.

Mwanao,
Rampha

Yasothon, 19 Agosti 1997

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na safari hii si mgongo. Miezi minne naandika nachana.

Hukujikwaa. Wajomba zako walikuwa wanakunywa, ukatokea na saruni yangu, mtoto wa kiume umejipaka poda, unacheza. Wakakucheka. Aibu ikanipanda kichwani, nikaivuta ile saruni, nawe umeing'ang'ania. Tukaburutana mpaka jikoni, ukagonga chungu, maji ya moto yakakumwagikia. Hospitalini nikasema umeanguka. Ulipopata akili nikakwambia wewe vile vile.

Mwambie daktari: ngozi walichukua paja la kulia, haikushika, ikatunga usaha, wakabandika tena. Ulilala siku hamsini. Kama ngozi haitoshi, achukue yangu. Ya mgongoni bado laini.

Mama yako

Bangkok, 5 Septemba 1997

Mama,

Shikamoo. Nimemsomea daktari barua yako. Ngozi ya mtu mwingine haishiki, hata ya mama mzazi. Kovu ataliacha, atafungua tumbo achukue kipande cha utumbo badala ya ngozi. Ni kazi kubwa zaidi, ila sasa anajua pa kukata na pa kuacha.

Asante kwa kusema. Miaka ishirini na mbili nimejichukia kwa kosa lisilo langu. Nimelia mpaka Wilai akafunga saluni yake.

Upasuaji ni tarehe 14 Oktoba. Wilai ndiye atakayeniuguza. Usije, Mama. Pale kitandani sitaweza hata kujifunika, na mikono yako kwa sasa siiwezi. Nikiweza nitakuita.

Mwanao,
Rampha

Yasothon, 20 Oktoba 1997

Rampha mwanangu,

U hali gani? Kidonda kimetulia?

Nisamehe, nilikuja. Nilikaa kwenye benchi la chini pale hospitalini, karibu na wauza maua. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia mama wa yule binti aliyepasuliwa jana. Akasema umetoka salama. Alitaka kunipandisha, nikakataa, nikamwomba akuulize kwanza. Akarudi akasema umelala. Kesho yake pia, umelala. Siku ya tatu alikuja anaangalia chini, akaniletea chai. Nikamwambia asisumbuke tena, nimeelewa.

Basi lilinifikisha salama. Usijilazimishe kujibu. Sitakuja tena mpaka uniite, na usiponiita, nitajua umelala.

Mama Rampha