Siku Mkeo Alipopanda Bweni

Elia, ndugu yangu,

Jumamosi tulikwenda kilimani Bweni kurusha ndege zetu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nimetafuta mtu wa kumsimulia nikakosa, maana hapa Chumbageni nikianza habari za ndege zisizo na injini, watu huitikia "ehe, ehe" huku macho yao yapo barabarani. Basi nakuandikia wewe.

Karakana yangu ipo kama ulivyoiacha. Majokofu mabovu yanaletwa, nayatengeneza, yanaondoka. Yale maboksi meupe mepesi ninayopewa na jirani muuza majokofu mapya yamerundikana mpaka mlango wa nyuma haufunguki, maana hakuna anayekuja kuyaomba. Unakumbuka siku ya kwanza ulipoyaomba? Nilikuuliza, "Unafuga vifaranga?" Ukanijibu bila hata kutabasamu, "Naunda ndege." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Jioni ile ile ukanichukua mpaka uwanja wa mpira, ukairusha kwa mkono, ikanipita juu ya kichwa bila sauti. Mimi niliyeishi na mngurumo wa kompresa maisha yangu yote, nikasikia kitu kinapita hewani kimya kabisa. Nikawa wako tangu siku hiyo.

Watu walitushangaa, Mpemba na Msambaa, mmoja anakwenda msikitini Ijumaa na mwenziwe kanisani Jumapili, halafu Jumamosi wako pamoja kilimani na marimoti mikononi. Dulla mwenzetu alikuwa akikutania kwa jina la mtaa wenu, "Fundi wa Mabawa, kazi yako mabawa." Sasa hatanii tena hivyo. Tangu msiba, hata lile kundi letu la simu lilikuwa kimya. Mwalimu Anjela hakuandika kitu, Dulla hakuandika kitu, nami sikuandika. Kila mmoja alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza kusema twende bila wewe.

Aliyetutoa ndani ni mkeo.

Alinipigia simu asubuhi moja. Anahamia Lushoto kwa mwanenu Tumaini, nyumba ya Mabawa anapangisha. Akaniambia, "Shemeji, nimefunga kila kitu. Limebaki lile lidege pale sebuleni. Kabla halijatoka humu, nataka nilione likiruka."

Unajua anasema lipi. Lile kubwa, ulilolichonga kwa milingoti ya mkonge uliyokuwa ukiifuata kwenye shamba alikofanya kazi baba yako. Uliikausha juu ya bati, ukaipiga msasa mpaka ikawa myepesi kama mkate. Ulilimaliza, ukalitundika juu ya makochi, ukasema tusubiri upepo ukae sawa. Kisha presha ikakuangusha bafuni, na sisi tukapanda milima kwenda kukuzika kwenu. Hukulirusha hata mara moja.

Nikamjibu, "Sawa, shemeji." Nilipokata simu nikakaa juu ya ndoo. Maana alisema nilirushe mimi. "Wewe ndiye ulikuwa naye," alisema. Na mimi, Elia, unajua wewe peke yako hali ya macho yangu.

Dulla na Mwalimu hawakuwahi kujua. Walidhani unasimama nyuma ya bega langu kwa mazoea tu. Hawakujua kwamba ndege ikishafika mbali mimi naona ukungu tu, na kwamba ni wewe uliyekuwa ukininong'oneza: "Kulia kidogo. Inue pua. Sasa iache ipumue." Miaka yote ile niliruka kwa macho yako. Hukumwambia mtu, wala hukuwahi kunifanya nione haya.

Tuliondoka na gari la Dulla baada ya sala ya alfajiri. Mkeo alikaa mbele, mkia wa ndege ameupakata. Pangani tukaingia kwenye pantoni ya kuvukia Bweni, na mama mmoja mwenye kapu akamuuliza mkeo, "Hicho nacho ni cha nini, dada?" Akajibu, "Cha marehemu mume wangu." Yule mama akasema, "Pole, mwaya," akasogeza kapu lake ili mkia usiguswe.

Kule juu upepo ulikuwa mzuri, unatoka baharini na kupanda na mteremko kama unavyoupenda. Mwalimu Anjela akarusha yake, ikaenda vizuri. Dulla akarusha yake, nayo ikaenda vizuri. Lakini hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyesema "mtazame huyo!" Tulikuwa wanne kilimani, na kila mmoja yuko kivyake kama watu wanaosubiri mabasi tofauti. Niligeuka mara mbili kukuambia jambo. Mara ya pili mkeo aliniona.

Alikuwa ameketi juu ya khanga majanini. Akaniita nikachuchumaa karibu naye. Akasema, "Shemeji, nikuambie kweli. Mimi ujane nimeanza zamani. Kila Jumamosi alikuwa anaamka gizani, anakuja huku kwenu. Akirudi uso umeiva kwa jua, anacheka peke yake, nikimuuliza mmefanya nini ananiambia, 'Tumerusha.' Neno moja hilo. Nilikuwa nakuchukia, shemeji, Mungu anisamehe. Nilitaka nione ni kitu gani hicho kilichokuwa kikiniibia mume wangu."

Elia, mbona hukumleta hata siku moja? Sikulaumu. Nasema tu kwamba natamani ungemleta.

Basi tukaunganisha mabawa. Dulla akalishika lidege juu ya kichwa, mimi nimeshika rimoti, nikapiga bismillah. Akalisukuma kwenye upepo.

Elia, liliruka! Halikuyumba hata kidogo. Lilipanda kama linavutwa na kamba kutoka juu, yale mabawa marefu yakajipinda kidogo kwenye ncha, likageuka kufuata kilima taratibu, zito, lenye heshima zake. Nikamsikia Mwalimu anasema, "Jamani, Elia!" kwa sauti ya kulia. Kwa muda mfupi nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu uondoke.

Kisha likaingia kwenye mwanga wa jua na mimi nikalipoteza.

Nilingoja. Nikasogeza kidole kidogo kama ulivyonifundisha, nikitumaini litatokea. Halikutokea. Mbele yangu palikuwa peupe tupu. Na pale nyuma ya bega langu, pale pako, palikuwa na upepo tu. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata siku tuliyokufukia. Nikafungua mdomo nikasema mbele ya wote, "Silioni."

Dulla akadhani natania. "Si lile pale?"

"Silioni, Dulla. Macho yangu mabovu. Elia ndiye aliyekuwa macho yangu."

Mwalimu akaanza kuja anichukulie rimoti, lakini kuna mtu alimtangulia. Nilisikia pumzi karibu na sikio langu, na harufu ya moshi wa jikoni kwenye khanga.

"Liko kushoto kwako," mkeo akasema. "Juu ya ule mnazi ulioinama. Linalala upande. Linyanyue, shemeji, linalala!"

"Upande upi?"

"Huu wa kwangu. Wa mkono wa kulia. Ehe. Hapo hapo. Limenyooka."

Hakuwa na maneno yetu, Elia. Hakujua pua wala mkia. Alisema "linakuja kwetu," "linataka kwenda Ushongo hilo, lirudishe," "limesimama kama linafikiri." Lakini macho yake hayakuliacha hata mara moja. Tulizunguka naye kile kilima, sijui mara ngapi. Nilianza kulegeza mikono. Akasema polepole, na sikujua ananiambia mimi au anakuambia wewe: "Kumbe ndiyo hivi."

Tulilishusha kwenye majani marefu. Bawa moja liligonga kichaka likapasuka ncha, kitu cha kutengenezeka. Mkeo alikwenda mwenyewe kulichukua. Alipiga magoti pale, akaweka kiganja juu ya mbao zako, akalia. Alilia kwa sauti kubwa kama ambavyo hakulia makaburini. Tukamwacha. Tulisimama sote watatu tukiangalia bahari, nami nikawasikia Dulla na Mwalimu wakivuta kamasi.

Nilidhani atanipa mimi hilo lidege. Nilikwishawaza hata nitalitundika wapi karakanani. Aliporudi akasema, "Hili naondoka nalo Lushoto." Nikasema, "Haki yako, shemeji." Jumatatu amesafiri nalo. Nilikwenda stendi kumsindikiza, na basi lilipoondoka nilibaki nimesimama kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini.

Mwalimu Anjela ameniandikisha hospitali, nikatolewe mtoto wa jicho. Amesema yeye mwenyewe atanipeleka ili nisikwepe. Daktari anasema ni jambo dogo, nitaona vizuri kama zamani. Watu wote wananipongeza. Lakini wewe nitakuambia kweli. Naogopa, si kisu. Naogopa ile siku nitakayopanda Bweni na macho mazima, nione kila kitu mpaka mwisho wa anga, na nisihitaji mtu wa kusimama nyuma yangu.

Nitakwenda hata hivyo. Nakuahidi. Dulla asipokuja, Mwalimu asipokuja, nitavuka peke yangu na ndege yangu kwapani. Na mvua zikiisha nitapanda Lushoto kukusalimia, nimpitie na mkeo, nimwombe tulitoe nje lile lidege siku moja. Mwenyezi Mungu akulaze pema, ndugu yangu.

Mimi wako,
Khamis